Helikopta za mtaroni: anza na macho, rangi itakuhadaa

Mvua ikinyesha Umoja siku tatu mfululizo, stima hupotea na barabara za ndani hugeuka uji. Siku ya nne jua likitoka, helikopta zinajaa hewani.

Si zile za wanasiasa. Ni zile ndogo za mabawa manne, zinazosimama juu ya maji kama zimetundikwa kwa uzi, kisha zinachomoka upande mmoja kabla hujamaliza kuziangalia. Kiswahili cha vitabu kinamwita kereng'ende. Mtaani, kuanzia Innercore hadi Tena, mtoto yeyote atakwambia ni helikopta, na kusema kweli jina la mtaa limemkaa. Anaelea mahali pamoja, anarudi kinyumenyume, anakata kona ambazo hata dereva wa nganya hawezi.

Sasa, ukichuchumaa kando ya maji dakika kumi hivi bila kushika simu, utaanza kuona kwamba hizo helikopta si za aina moja. Kuna yule mnene anayepita juu kwa kasi kama ana deni. Halafu kuna mwingine mwembamba kama kijiti cha kiberiti, anayejipenyeza kati ya nyasi polepole, ambaye watu wengi hata hawamwoni. Wataalamu huwaweka wote kwenye kundi kubwa liitwalo Odonata, ambalo lina spishi zaidi ya 6,000 duniani. Lakini ndani ya kundi hilo hizo ni koo mbili tofauti kabisa. Kwa kuwa sisi wote tunawaita kereng'ende, humu nitasema tu mnene na mwembamba, tuelewane.

Na kwa nini ujisumbue kuwatofautisha? Kwa sababu ukishaweza, yale maji unayoruka kila asubuhi ukienda stegi yanaanza kukuambia mambo. Nitafika huko. Kwanza tumjue nani ni nani.

Kama huna muda wa kusoma yote, soma hiki kimoja: angalia macho. Mnene ana macho makubwa yanayofunika karibu kichwa chote na kukutana pale juu, kama amevaa helmeti ya bodaboda. Kwa wale wakubwa, jicho moja lina vijicho vidogo karibu 30,000, ndiyo maana ukimnyemelea kutoka nyuma bado anakuona. Mwembamba naye macho yake yameachana, kila moja limeketi upande wake, na kati yao kuna nafasi pana. Ukimtazama kutoka juu, kichwa chake kinafanana na dambeli ya jim. Ukishaiona hiyo dambeli mara moja hutaisahau.

Baada ya macho, ngoja atue. Mnene akipumzika hutandaza mabawa yake pande zote mbili, kama ndege iliyoegeshwa pale JKIA. Mwembamba huyakunja na kuyabana pamoja juu ya mgongo, kama mtu anayefunga kitabu. Kwa macho na mabawa pekee utapatia karibu kila mara.

Nasema karibu kila mara kwa sababu kuna wajuaji. Familia moja ya wembamba, Lestidae, hukaa na mabawa nusu wazi, wala hajafunga wala hajatandaza. Na upande wa wanene kuna familia iitwayo Gomphidae ambayo macho yake hayagusani. Ukikutana na hao, shuka hadi kwenye umbo la mabawa. Kwa mnene, bawa la nyuma ni pana kuliko la mbele, hasa pale linaposhikana na mwili. Kwa mwembamba, mabawa yote manne yanafanana na yote yamebanwa mwanzoni kama mpini wa mwiko. Jina la kisayansi la wanene, Anisoptera, ni la Kigiriki na maana yake ni mabawa yasiyo sawa. Nilitoka chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo usitarajie niendelee na Kigiriki zaidi ya hapo.

Kuna mwingine anayewachanganya watu, yule anayeingia sebuleni usiku akifuata taa na kuanguka kwenye sufuria ya chai. Ana mwili mrefu na mabawa manne, na mtu anapiga kelele "helikopta!" Mwangalie vipapasio. Kereng'ende wa kweli ana vipapasio vidogo sana, kama unywele mfupi tu mbele ya macho. Huyu wa usiku ana vipapasio virefu vilivyovimba kwenye ncha. Si kereng'ende. Unamjua tangu utotoni, ila ulimjua akiwa buu: ni yule mdudu anayechimba mashimo madogo ya umbo la faneli kwenye mchanga mkavu, na kungoja sisimizi ateleze ndani.

Na kabla sijasahau, hakuna hata mmoja mwenye sindano. Tukiwa watoto tuliambiana ule mkia unadunga. Ule si mkia hata, ni tumbo lake, na lina pingili kumi ukizihesabu. Mkubwa ukimfinya vidoleni anaweza kukuuma kwa taya, na hapo wa kulaumiwa ni nani?

Basi tuje kwa rangi, maana hapa ndipo watu wengi wanaanzia, na ndipo mambo yanapoharibika. Mtu anakuambia, "Nimeona ule mwekundu." Sawa, mwekundu gani? Kuna wekundu watatu, wote wa kawaida Afrika Mashariki, na wote hufika mijini. Wa kwanza ni Crocothemis erythraea. Dume lake ni jekundu mwili mzima, hadi uso na miguu, na tumbo lake ni pana na bapa kama limekanyagwa. Wa pili, Trithemis arteriosa, ni mwembambamwembamba kidogo ingawa yuko upande wa wanene. Miguu yake ni myeusi, tumbo lina alama nyeusi kuelekea mwisho, na mishipa ya mabawa yake ni myekundu. Wa tatu ni Trithemis kirbyi, ambaye ana doa kubwa la rangi ya chungwa kwenye mwanzo wa kila bawa, na hupenda kukaa juu ya mawe na saruji. Kwa hivyo ukiona mwekundu ameketi kwenye ukingo wa mtaro uliojengwa, angalia mabawa kwanza kabla ya kusema chochote.

Halafu kumbuka wote hao niliowataja ni madume. Jike la yule mwekundu wa kwanza ni la rangi ya manjano iliyochanganyika na kahawia. Dume changa pia huanza na rangi hiyohiyo, na linawiva polepole kama pilipili. Kuna spishi nyingine ambazo dume huanza na rangi ya kawaida, halafu akizeeka anafunikwa na unga wa samawati, kama vumbi la zabibu. Yaani unaweza kuona kereng'ende watatu wa rangi tatu kwenye kijiti kimoja na wote wakawa wa familia moja. Umbo halibadiliki hivyo. Ndiyo maana nasema macho, mabawa, umbo la tumbo, kisha rangi mwishoni.

Anayenifurahisha kuliko wote kwenye hii biashara ya rangi ni mwembamba mmoja aitwaye Ischnura senegalensis. Kama umewahi kuona kereng'ende mwembamba hapa Eastlands, kuna uwezekano mkubwa ni huyu. Ana urefu wa kama sentimita tatu. Dume ana kifua cheusi chenye mistari ya kijani au samawati, na tumbo jeusi ambalo karibu na ncha lina pete moja ya samawati kali, utadhani ameacha taa ya nyuma ikiwaka. Ni rahisi kumtambua, si ndiyo?

Sasa skiza. Majike ya huyu mdudu yana mitindo zaidi ya mmoja. Wengine huanza wakiwa rangi ya chungwa na wakikomaa wanageuka kahawia yenye ukijani. Lakini wengine wamevaa kama madume kabisa, pamoja na ile pete ya samawati. Maelezo ambayo watafiti wengi huyatoa ni kwamba madume huwasumbua majike bila kikomo, na jike aliyevaa kama dume hupata nafasi ya kula na kutaga kwa amani kwa sababu madume wanampita wakidhani ni mwenzao. Nilimweleza dada mmoja tunayeishi ploti moja kuhusu hili. Alicheka, halafu akasema yeye huvaa hudi ya kaka yake akitembea usiku kutoka stegi. Hakucheka tena baada ya hapo.

Kumtofautisha jike kama huyo na dume inabidi uangalie chini ya tumbo, upande wa nyuma. Jike wa mwembamba ana kifaa kilichovimba kidogo anachotumia kuchoma mmea na kuingiza mayai ndani yake. Dume ana kivimbe kidogo upande wa mbele, chini ya pingili ya pili, karibu na kifua. Ndiyo maana wakipandana wanatengeneza lile umbo la moyo ambalo watoi wakiliona wanapiga makofi. Dume anamshika jike shingoni kwa ncha ya tumbo, na jike anakunja tumbo lake kufikia pale mbele.

Ukitaka kuona kutaga kwa aina nyingine, nenda mahali popote panapooshwa magari jua likiwa kali. Pale karibu na kwetu kuna jamaa wa kuosha aliyeniambia, "Boss, hawa wadudu wanapenda gari nyeusi kuliko wenyewe wanavyozipenda." Nikakaa nikaangalia. Kweli, kereng'ende mnene wa manjano alikuwa anashuka juu ya boneti, anagusa kwa ncha ya tumbo, anapanda, anashuka tena. Alikuwa anataga mayai kwenye rangi ya gari.

Hajarogwa. Mwanga wa jua ukigonga maji na kurudi, miale yake hupangika upande mmoja, yaani inalala. Macho yetu hayaoni tofauti hiyo, lakini ya kereng'ende yanaona, na kwake hiyo ndiyo alama ya maji. Shida ni kwamba boneti nyeusi inayong'aa, kioo na plastiki nyeusi hurudisha mwanga vilevile, wakati mwingine hata zaidi ya maji yenyewe. Mtafiti wa Hungaria, Gábor Horváth, na wenzake walichapisha mwaka 2006 utafiti ulioonyesha kwamba magari mekundu na meusi ndiyo huvuta zaidi wadudu wa majini. Mwaka uliofuata wakaeleza jinsi kereng'ende wa makaburini huko kwao walivyovutwa na mawe meusi ya makaburi yaliyopigwa polishi. Kazi hiyo iliwapa tuzo ya Ig Nobel ya fizikia mwaka 2016, ile inayopewa sayansi inayochekesha kwanza halafu inafikirisha. Mayai yanayotagwa kwenye boneti hayafiki popote. Kwa mtaa ambao sifa ya nganya ni rangi inayong'aa hadi unajiona usoni, hiyo ni mitego mingi.

Yule wa manjano wa kwenye boneti, nina hakika naye, kwa sababu ndiye rahisi kuliko wote kumtambua akiwa angani. Anaitwa Pantala flavescens. Ni mnene, rangi ya dhahabu, mabawa ya nyuma mapana sana, na hatui ovyo. Atazunguka uwanja wa mpira saa nzima akiteleza hewani bila kupiga mabawa sana. Akichoka hujining'iniza kwenye kijiti akiwa wima, hakai kama wengine. Ana urefu wa kama sentimita tano na uzani wake haufiki nusu gramu. Hapa kwetu tafuta makundi yake mvua za vuli zikiingia, kuanzia Novemba hivi.

Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldives, alichapisha hoja iliyowafanya watu wakohoe. Alikuwa ameona kwa miaka mingi mamilioni ya kereng'ende hawa wakifika kwenye visiwa vile kila Oktoba, ilhali Maldives karibu haina maji baridi ya kuzalia. Walikuwa wanatoka wapi na wanaenda wapi? Alipanga tarehe za kuonekana kwao, akalinganisha na pepo na mvua, akahitimisha kwamba wanatoka India, wanavuka Bahari ya Hindi na kutua Afrika Mashariki wakati wa mvua zetu. Wakifika wanataga kwenye vidimbwi vya mvua, na mabuu hukua haraka kabla maji hayajakauka, kama wiki sita hivi. Kizazi kipya kinaendelea na safari, na baadaye kingine kinarudi Asia. Mzunguko mzima, ambao hukamilishwa na vizazi kadhaa, Anderson aliukadiria kuwa kilomita 14,000 hadi 18,000.

Kwa hivyo kuna uwezekano kwamba yule aliyekuwa anapoteza mayai yake kwenye Probox hapa Umoja, yeye au mamake alivuka bahari. Mimi ningesikitika kuliko hivyo, lakini yeye alipanda tu juu na kutafuta boneti nyingine.

Nilisema maji yatakuambia mambo. Afrika Kusini wana mfumo wa kupima afya ya mito na mabwawa kwa kutumia kereng'ende waliopo. Kila spishi imepewa alama kutoka 0 hadi 9. Alama 0 ni ya yule anayepatikana kila mahali na anayevumilia uchafu na kuvurugwa kwa makazi. Alama 9 ni ya yule adimu, wa eneo dogo, ambaye mto ukiguswa kidogo tu anaondoka. Unaenda kando ya maji, unawatambua waliopo, unapata picha. Uzuri wake ni kwamba huhitaji maabara. Unahitaji macho na subira, na uwezo wa kusema huyu ni fulani na si fulani. Baadaye watafiti wameutanua wazo hilo kwa Afrika nzima.

Yule rafiki yetu mwenye taa ya nyuma, Ischnura senegalensis, ni wa alama 0. Anaweza kuishi mahali ambapo wenzake wengi wameshindwa. Ukimkuta yeye peke yake, wiki baada ya wiki, hiyo ndiyo habari yenyewe. Ukimkuta pamoja na wale wekundu, na mwembamba wa rangi ya chungwa mwili mzima aitwaye Ceriagrion glabrum, na wengine wawili watatu, basi maji hayo bado yana uhai kuliko yanavyoonekana.

Asiyekuwepo pia uhesabu. Kuna mwembamba mmoja mfupi aliyejaa, Platycypha caligata, ambaye dume lake lina tumbo la samawati na miguu iliyopanuka, myekundu upande mmoja na myeupe upande wa pili. Akitaka jike, husimama mbele yake hewani na kutingisha ile miguu myeupe kama anacheza. Anapatikana Kenya, na kwa upana kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, ila anataka mto unaotiririka, wenye miti ya kuupa kivuli na magogo ya kutagia. Kwetu huku maji yakifika yameshapitia mjini na kubeba kila kitu. Sijawahi kumwona upande huu wa Outering na sitarajii. Ukitaka kumtafuta jijini, anza na vijito vinavyopita ndani ya msitu wa Karura, asubuhi, mahali jua linapopenya.

Na kuna wale ambao huwezi kuwapata hata ukipanda matatu kumi. Kule milima ya Usambara, Tanzania, kwenye msitu wa Amani, yuko mwembamba aitwaye Amanipodagrion gilliesi. Yuko kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka, na ulimwengu wote unamjua kutoka eneo hilo tu. Pwani yetu nako, kwenye misitu kama ya Shimba Hills, kuna Coryphagrion grandis, mwembamba mrefu wa ajabu ambaye mabuu yake huishi ndani ya maji yanayojikusanya kwenye mashimo ya miti. Jamaa zake wa karibu wako Amerika ya Kati na Kusini. Huko, amini usiamini, nao wameitwa helikopta.

Lakini turudi Umoja, maana hapa ndipo kuna kesi. Upande wetu kuna mahali ambapo paipu ilipasuka zamani, maji ya mvua yakaongezea, nyasi zikaota, na sasa ni kidimbwi kinachotosha kuegesha magari mawili. Kila mtu ana maoni yake. Wengine wanangoja ploti ijengwe gorofa kama zingine, na itajengwa tu, tunaujua mtaa wetu. Lakini kwa sasa kuna mzee mmoja, jirani mwema kabisa, ambaye kila baada ya wiki chache humwaga oili chafu juu ya maji ili kuua mbu.

Oili inaua mbu, ndiyo. Mabuu ya mbu hupumua kwa kuja juu, na oili inawaziba. Ila inasahaulika nani mwingine anaishi humo. Kereng'ende huishi sehemu kubwa ya maisha yake chini ya maji, akiwa buu asiye na mabawa, na kazi yake humo ni kula. Chini ya kidevu ana mdomo uliokunjwa kama mkono, unaochomoka ghafla na kunasa windo. Mabuu ya mbu yamo kwenye menyu. Hata hapa unaweza kuwatofautisha: buu wa mwembamba ana vitu vitatu vyembamba kama majani kwenye ncha ya tumbo, anavyotumia kupumulia. Buu wa mnene hana. Yeye huvuta maji ndani kupitia nyuma, na akishtuka anayafyatua kwa nguvu na kusukumwa mbele kama roketi. Watoto wakijua hilo hutawatoa kwenye maji.

Hii si hadithi ya kupendeza tu. Kule Yangon, Myanmar, watafiti wakishirikiana na wakazi waliwahi kuweka mabuu ya kereng'ende kwenye vyombo vya kuhifadhia maji majumbani, ili kupunguza mbu wanaoeneza denge. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990 na mbu walipungua sana. Spishi waliyotumia ni Crocothemis servilia, ndugu wa damu wa yule mwekundu wetu mwenye tumbo bapa. Mtaa ambao maji huja kwa zamu, na kila nyumba ina mtungi na pipa, ungefaa kuisikia hiyo habari.

Sisemi tuache maji machafu yasimame. Paipu ingefaa kurekebishwa jana, na mahali ambapo choo kinatiririka ndani ya mtaro hakuna kereng'ende atakayekuokoa na kipindupindu. Ninachosema ni kwamba kidimbwi cha nyasi na mtaro wa choo ni vitu viwili tofauti, na njia ya haraka ya kuvitofautisha ni kuangalia nani anaruka juu yake. Ukimwaga oili kwenye kile cha kwanza, unaua wawindaji pamoja na windo. Mvua ikirudi, mbu watafika kwanza kwa sababu wao wanahitaji siku chache tu kukua. Kereng'ende wanahitaji wiki nyingi, wengine miezi.

Kama unataka kuanza, simu yako inatosha. Nenda asubuhi kabla hawajapata joto, wanakuwa wazito. Kivuli chako kisimwangukie. Akiruka usimkimbize, maana wengi wao hurudi kwenye kijiti kilekile, kwa hivyo elekeza kamera kwenye kijiti na ungoje. Piga moja kutoka juu ili macho yaonekane, na nyingine kutoka ubavuni ionyeshe mabawa na tumbo lote hadi ncha. Picha moja ya mbele yenye uso mzuri ni ya Instagram, haitambui mtu. Ukipakia kwenye programu ya iNaturalist kuna watu wanaokusaidia na jina. Ukipata pesa, kuna kitabu cha K.-D. B. Dijkstra na Viola Clausnitzer cha mwaka 2014 kuhusu kereng'ende wa Afrika Mashariki, kinachoeleza spishi karibu 500 kwa michoro. Kinakaa mkobani vibaya lakini kinafaa.

Na kama wanakukimbia wote, tafuta maganda. Buu akikomaa hupanda kwenye jani alfajiri, ngozi inapasuka mgongoni, kereng'ende anatoka, na lile ganda linabaki limeshika nyasi, tupu, na miguu yote sita. Halikimbii popote. Jumapili iliyopita nilihesabu kumi na moja kwenye nyasi za kidimbwi chetu. Manane yalikuwa madogo membamba, yenye vile vijani vitatu vilivyosinyaa mwishoni. Matatu yalikuwa manene.

Yule mzee wa oili alisimama akauliza, "Kijana, unaokota nini huko?" Nikamwambia, "Shikamoo mzee, hizi ni nguo za helikopta." Nikamwekea moja ya yale manene kiganjani na kumwonyesha ule mdomo uliokunjwa chini ya kidevu. Aliuvuta kwa ukucha, ukafunguka. Akaufungua na kuufunga mara kadhaa, akauliza kama anaweza kwenda nalo nyumbani amwonyeshe mjukuu.